Jumatatu Ambayo Sikuuliza

Siku yangu ya kwanza kazini nilijibu kila swali nililoulizwa na watoto, na kufikia saa nne asubuhi sauti ilikuwa imeniisha. Mwalimu Njoki, aliyekuwa mkuu wa nasari yetu, alinitazama nikikohoa mlangoni akaniletea kikombe cha chai ya rangi. Hakunipa pole. Aliniambia kwamba nimetumia nguvu za siku nzima kwa masaa mawili na bado sijafundisha kitu, kwa sababu mtoto akijibiwa haraka huondoka, lakini akiulizwa yeye hubaki.

Nyinyi walimu vijana mliniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Vyeo havikuwa vingi na mshahara hauna hadithi, kwa hivyo hayo tutayaruka. Nitawaeleza tulivyofundisha na vifaa tulivyokuwa navyo, halafu nitafika kwa mtoto mmoja anayeitwa Chelangat. Wengi wenu mnajua nusu ya habari zake, ile inayosemwa sokoni Kiptere. Nusu nyingine ni yangu, na sijawahi kuiandika.

Nasari ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya kanisa, juu ya kilima ambacho ukisimama mlangoni huoni kitu isipokuwa majani chai hadi macho yachoke. Tulikuwa na ubao mmoja na watoto wa miaka mitatu hadi sita. Lugha nayo ilikuwa na vituko vyake. Sisi Wakipsigis herufi b na p tunazichukulia kama ndugu, kwa hivyo nilipochora bata ubaoni watoto wote waliimba "pata", na mimi mwenyewe nilikuwa nimesema "pata" kabla yao.

Mwalimu Njoki alikuwa Mkikuyu. Wazazi wake walihamia Kedowa zamani wakalima viazi na pareto, naye akaolewa na mfanyabiashara aliyeuza misumari na mabati Kiptere. Kikipsigis chake kilikuwa cha sokoni. Akina mama walikicheka, naye alicheka pamoja nao, na hivyo ndivyo alivyoingia katika nyumba zao zote. Alikuwa na sanduku la mbao ambalo wageni walidhani ni la takataka. Ndani mlikuwa na vizibo vya chupa, kipande cha kioo, uzi, manyoya ya kuku, na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Sanduku hilo lilikuwa maabara yetu.

Kila Ijumaa aliwapa watoto kazi ya kwenda kufanya nyumbani. Haikuwa ya kuandika. Alisema mtoto huyu ana jiko, ana karai la maji, ana kuku na jua, sasa nasari itamletea nini kingine? Basi walikwenda kuangalia ni vitu gani vinaelea kwenye karai na ni vipi vinazama. Walifunga maharagwe kwenye kitambaa kibichi wakangoja yaote. Walisimamisha kijiti uani na kuweka jiwe mahali kivuli kilipofika asubuhi, halafu jingine mchana. Walikamua ndimu kwenye chai ya rangi na kuona inavyopauka. Baba mmoja alikuja kulalamika kwamba tumemalizia nyumba yake majani ya chai. Mzee huyo alikuwa na ekari mbili za chai nje ya mlango wake, lakini ya kunywa alinunua dukani kama sisi sote.

Kazi niliyoipenda zaidi ilikuwa ya mvua ya mawe. Mnajua mawe yakishuka huku kwetu yanavyorarua majani, na wiki tatu hakuna cha kuchuna. Akina mama walisimama mlangoni wakiangalia hasara, na watoto wao walikuwa nje wakiokota mawe na kuyaweka kwenye vikombe viwili. Kikombe kimoja walikifunika na kipande cha blanketi, kingine wakakiacha wazi. Watoto wote waliapa kwamba mawe ya kwenye blanketi yatasikia joto na kuyeyuka kwanza. Yalipobaki magumu ilhali yale mengine yamekuwa maji, nyumba nzima ilikuja kutazama, hata wenye hasara.

Jumatatu ilikuwa siku ya ripoti. Kila mtoto alisimama akasema alichokiona, awe amekiona sawa au la. Njoki hakuruka mtoto hata mmoja. Kama kuna kitu alichonikazia, ni hicho: ukimtuma mtoto kuangalia kitu, lazima umsikilize akirudi, la sivyo umemtuma bure.

Miaka ya tisini ilipoanza, magoti yake yalikuwa yamechoka na kilima. Alirudi Kedowa kwenye shamba la wazazi, akaniachia nasari na sanduku.

Chelangat alikuja kwangu muda mfupi baadaye. Mama yake alikuwa mkulima wa chai, shamba dogo, ng'ombe wawili, mwanamke mwenye mikono ya haraka ambaye alimaliza kuchuna mistari yake ya chai kabla wengine hawajafunga leso. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari za mbali na alionekana kwa nadra. Nyumbani alikuwepo pia nyanya, ambaye sisi tunamwita kogo, mzee aliyekuwa haoni vizuri. Chelangat alikuwa mtoto wa kwanza. Alikuwa na pengo mbele na tabia ya kukushika sketi mpaka umsikilize. Aliwahi kuniuliza kivuli kinakwenda kulala wapi saa sita mchana. Aliwahi kuzamisha vijiko vyote vya nyumbani kwenye pipa la maji ya mvua, mama akavitafuta siku mbili. Mama alinisimulia hayo akiwa anacheka. Nataka mkumbuke kwamba alikuwa anacheka.

Ilikuwa Ijumaa, katikati ya miaka hiyo, Chelangat akiwa na miaka sita. Nilikuwa nachemsha maji ya uji wa watoto na kifuniko cha sufuria kilianza kurukaruka. Alikuja akasimama kando yangu.

"Mwalimu, ni nani anasukuma kifuniko?"

"Wewe unafikiri ni nani?"

Alikitazama kwa muda. Akasema ndani ya maji kuna mtu asiyeonekana, na anataka kutoka.

Lilinifurahisha jibu hilo, nikasikia fahari kama mimi ndiye niliyelitoa. "Kaangalie nyumbani," nikamwambia. "Jumatatu utaniambia."

Kwa kawaida, kazi ikihusu moto, niliongeza maneno matatu: mama akiwa hapo. Mara nyingi niliwaambia akina mama wenyewe walipokuja kuchukua watoto. Siku hiyo sikuongeza na sikumngojea mama yeyote. Wingu lilikuwa linatoka upande wa ziwa, na nyumbani nilikuwa na nguo kwenye kamba. Nimejaribu miaka yote hii kutafuta sababu kubwa kuliko nguo. Sina.

Jumamosi mama yake alipeleka majani kwenye kituo cha kukusanyia chai. Lori la majani lilikwama kwenye matope, na akina mama wakakaa hapo wakilingoja hadi alasiri. Kogo alikuwa uani akichambua maharagwe. Chelangat alichukua mkebe wa mafuta ya kupikia, ule wa bati wenye kifuniko cha kubana, akatia maji nusu. Kifuniko akakikalia mpaka kikaingia kabisa, halafu akaweka mkebe juu ya mafiga na kuchochea moto. Alitaka kujua kama yule mtu wa ndani ya maji ana nguvu za kusukuma hata kifuniko kilichobana. Kogo aliwaambia watu baadaye kwamba alisikia kishindo kama cha mlango, akadhani ni ng'ombe.

Maji na makaa vilimpata upande wa kulia, shavuni, shingoni na mkono wote. Majirani walimpaka unga, kwa sababu ndivyo tulivyojua wakati huo. Nyinyi msifanye hivyo. Mimina maji baridi tu, mengi, na kwa muda mrefu. Alifikishwa hospitali nyuma ya lori lile lile la majani.

Nilizisikia habari hizi kanisani Jumapili, zikiombewa. Jumatatu nilifunga nasari nikaenda mjini na machungwa kwenye kikapu. Chelangat alikuwa amelala, amefungwa bandeji kichwani na mkononi, jicho moja tu likionekana. Lilikuwa wazi. Muuguzi alikuwa akimuuliza mama ilikuwaje.

"Ni utundu," mama alisema. "Huyu ni mtundu sana. Alicheza na moto, na sasa ameona."

Akamgeukia mtoto akamuuliza kama amekoma. Jicho lile lilinitazama mimi. Mtoto hakusema kitu. Na mimi, niliyekuwa nimesimama miguuni mwa kitanda na machungwa yangu, nilisema pole, Mama Chelangat, Mungu atasaidia. Halafu nikaondoka.

Nilijiambia kwamba si mahali pa kusema, mbele ya wagonjwa. Baadaye nilijiambia kwamba mama ana uchungu, nisimuongezee. Halafu nikajiambia kwamba kwa vyovyote mtoto hajasema, pengine amesahau. Wenzangu, uongo wa aina hii hauhitaji akili nyingi. Kila siku unaupa sababu moja mpya, na siku zinapita. Zilipita hivyo miezi sita. Kijiji kizima kilijua kwamba Chelangat ni mtoto asiyesikia, na kogo alikuwa anajilaumu hadharani kwa macho yake, na wote hao walinisalimia kwa heshima.

Alirudi nasari muhula wa tatu. Ngozi ya shavu ilikuwa imevutika, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja havifunguki. Nilimfundisha kushika penseli kwa kushoto. Alijifunza haraka. Alikuwa msafi, mtulivu, akiulizwa anajibu sawa, na mama mmoja wa kamati ya nasari aliniambia kwamba angalau ajali imemtia adabu. Hakunishika sketi tena. Katika muhula mzima hakuuliza swali, hata la kwenda msalani. Alisimama tu mlangoni mpaka nimuone.

Siku moja tulikuwa tunapima vivuli, na wote walikimbia nje kutafuta mawe. Yeye alibaki kwenye benchi. Nilikaa karibu naye nikamuuliza mbona haendi na wenzake. Alijibu akiangalia vidole vyake. Alisema mama amemwambia kwamba wasichana wa kuulizauliza huchomeka.

Jumamosi hiyo nilikwenda Kedowa. Mwalimu Njoki alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya viazi, nikamweleza yote, tangu uji mpaka hospitali. Nililia. Nilitegemea ataniambia kwamba ningejuaje, kwamba mwalimu hawezi kuwa kila mahali. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho mkononi akakitia kwenye maji.

"Umemwambia mama yake?"

"Bado."

"Basi mimi si mtu wa kuambiwa, Rael."

Alinipa viazi vya kubeba, akanisindikiza mpaka barabarani na magoti yake yale.

Kesho yake baada ya kanisa nilikwenda kwa Mama Chelangat. Alinikaribisha kwa furaha, akanitolea mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, akaanza kunishukuru kwa kumfundisha mtoto mkono wa kushoto. Nilimwomba asinishukuru. Nikamwambia kwamba Ijumaa ile ni mimi niliyemtuma Chelangat akaangalie kifuniko, na sikumwambia angoje mtu mzima, na siku ile hospitalini nilimsikia akimwita mtundu nikanyamaza.

Hakupiga kelele. Alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa, akakiweka chini polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika. Halafu akamwita Chelangat kutoka uani, akamsimamisha kati yetu.

"Rudia," akaniambia. "Rudia na yeye asikie."

Nilirudia. Kumwambia mtoto kulikuwa kugumu zaidi kuliko kumwambia mama, kwa sababu mama alikuwa na hasira ya kujikinga nayo na mtoto hakuwa na kitu. Nilimwambia, "Haikuwa utundu. Nilikutuma mimi. Kosa ni langu."

Chelangat alinitazama kwa yale macho yake mawili. Hakushangaa.

"Si ulisema nitakuambia Jumatatu?" akasema. "Hukuniuliza."

Mama akamuuliza, kwa Kikipsigis, kwa nini hakusema kwamba Mwalimu alimtuma. Alijibu kwamba alikuwa anangoja Mwalimu amuulize kwanza. Niliona kwamba kwa miezi sita yule mtoto hakuwa amesahau wala hakuwa ananifichia siri. Alikuwa na ripoti.

Basi nikamuuliza. Alichelewa kidogo, akimtazama mama. Alisema kifuniko hakikusukumwa kama cha sufuria. Mkebe ulivimba kwanza. Ulivimba chini, halafu pembeni, ukalia tik, tik, na yeye akainama kuangalia mahali unapovimba. Akaonyesha kwa mkono uliokunjika jinsi bati lilivyojitokeza. Mtoto wa miaka sita alikuwa ameona kile ambacho watu wazima hawangesimama kukiangalia, na alikuwa ameona sawa.

Mama yake alifunika uso na leso. "Miezi sita," alisema. "Miezi sita namwambia alijichoma kwa ukorofi wake." Hakuwa ananiambia mimi. Alimvuta Chelangat akamkalisha mapajani, mtoto mkubwa vile, miguu ikigusa sakafu. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Nenda, Mwalimu. Leo nenda."

Nilikwenda.

Mama alipeleka jambo hilo kwa kamati ya nasari, na alifanya vizuri. Nilisimama mbele yao nikasema tena. Wengine walitaka niondoke. Mwishowe walisema nibaki, lakini kazi za Ijumaa zikome, nami sikubishana. Kwa mwaka mzima nilifundisha watoto kuimba namba na kupaka rangi ndani ya mistari, na inspekta alipokuja alisema darasa lina utulivu wa kupendeza.

Januari Chelangat aliandikishwa darasa la kwanza ng'ambo ya mto, shule iliyokuwa mbali zaidi na kwao kuliko ile iliyo karibu na nasari yangu. Sikuhitaji kuelezwa sababu.

Kazi za Ijumaa zilirudi kwa sababu akina mama wenyewe waliziulizia. Nilizirudisha kwa njia mliyonikuta nayo mlipokuja, ambayo baadhi yenu mliiona ni uzee. Sitoi kazi ya moto kabisa, wala kitu chochote cha kufungwa kikabana, na dawa za shambani hazitajwi hata kwa mchezo. Mtoto habebi maagizo. Nayapeleka mwenyewe kwa mdomo wangu, mlango kwa mlango, na kama nyumba ina nyanya tu siku hiyo, ninakaa naye tukafanya pamoja. Mvua ikija inanikuta huko huko. Na mtoto asipokuja Jumatatu, ninamfuata nyumbani au hospitalini kusikia alichokiona.

Chelangat alimaliza darasa la nane, akajifunza ushonaji. Leo ni fundi wa nguo huko Longisa, anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto, na ana watoto wawili. Nilikwenda kumwona mara moja. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanipimia sketi. Hatukuzungumzia mkebe. Binti yake mdogo alikuwa amekaa chini kimya na vipande vya nguo, na katika saa nzima niliyokaa pale sikumsikia akiuliza kitu. Inawezekana ndivyo alivyozaliwa. Nilijiambia hivyo barabarani, na sikuyaamini maneno yangu.

Mwalimu Njoki alifariki kabla sijastaafu. Nilikuwa nimemwambia, kabla hajafa, kwamba nilikwenda kwa mama. Alisema alijua, kwa sababu sikurudi kwake kulia tena.

Siku mliyoniaga mwaka huu mlipika pilau mkaleta spika kubwa, na hotuba zilikuwa nyingi kuliko zilivyohitajika. Pengine hamkumwona mama mmoja mzee aliyekaa benchi ya mwisho, hakuchukua soda, hakupiga makofi. Alikuwa Mama Chelangat. Tulikuwa tumesalimiana kanisani miaka yote, kwa kichwa tu. Watu walipoondoka nilimkuta nyuma ya jengo ameinamia karai, anaosha vikombe. Nilichukua kitambaa nikaanza kuvikausha. Tulimaliza karai zima.

Alipokuwa anafuta mikono aliniambia, "Mwalimu Rael, mimi sijasamehe yote. Nimejaribu." Akakunja leso yake. "Lakini ulikuja mwenyewe. Hakuna aliyekuleta."

Kisha akachukua kiondo chake akateremka na njia ya katikati ya chai, polepole, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa unateleza. Nilisimama nikamtazama mpaka akafika chini salama.